Kabla ya Kumfunga Mtoto Kilemba

Watoto wengi wanaoanza chekechea hapa Nairobi wanaweza kumaliza muhula mzima bila mwenzao yeyote kujua nyumbani kwao wanasali vipi. Mtoto wa Kisikh hana nafasi hiyo. Nywele zake hazijakatwa tangu azaliwe. Zimechanwa, zikasokotwa, zikafungwa fundo utosini, na juu yake pakafungwa kitambaa kidogo tunachokiita patka. Kufikia saa nne, watoto wakipanga foleni ya uji, atakuwa amekwisha kuulizwa: Wewe ni msichana? Umeficha nini hapo kichwani? Mbona baba yako hakupeleki kwa kinyozi? Ataulizwa kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya uwanjani, na itambidi ajibu kwa Kiswahili, naye ana miaka minne.

Mimi ni mama wa Kisikh, na Jumapili husaidia kufundisha wadogo gurdwara, hekalu letu. Ninachowaambia wazazi wenzangu ni hiki: tusimvike mtoto alama ya dini kabla ya kumpa maneno ya kuieleza, na maneno hayo ayapate nyumbani, kwa lugha atakayoulizwa. Sehemu ya kwanza hakuna anayeipinga. Ya pili huleta mabishano, nami nitaifikia.

Tusingojee shule. Katika mitaala ya Kenya, dini yetu imewekwa ndani ya somo la dini ya Kihindu, pamoja na Ujaini na Ubuddha, na shule nyingi hazina hata mwalimu wa somo hilo. Mtoto wa Kisikh aliye Nakuru au Eldoret huketi darasani akafundishwa habari za Yesu au za Mtume Muhammad. Si vibaya azijue. Mimi mwenyewe nilizisoma na zikanifaa. Ila za kwao atazisoma wapi?

Wala tusiutupe mzigo huu gurdwara. Usikh hauna makasisi. Granthi ni msomaji na mtunzaji wa Kitabu, na kazi anayoifanya yeye, Msikh yeyote, mwanamke au mwanamume, ana haki ya kuifanya: kusoma, kuongoza sala ya ardas, kuwaimbisha watu. Jumapili mtoto huinama mbele ya Kitabu hicho, Guru Granth Sahib, huketi dakika chache sakafuni karibu na mama yake, kisha hutoroka kwenda kucheza na wenzake uani mpaka chakula kiive. Anapenda kwenda, na hilo ni jambo kubwa. Lakini tukiwa wakweli, nyimbo zinazoimbwa mle ndani hazielewi, na wazazi wengi hawazielewi pia.

Darasa tunalo, tena la kila siku. Ni asubuhi, mtoto ameketi kwenye kigoda, na mzazi yuko nyuma yake ameshika kangha, kile kichana cha mbao ambacho ni mojawapo ya alama tano za dini yetu. Nywele ndefu za mtoto hujifunga mafundo. Pasipo mafuta ya nazi na subira, mtoto hulia. Kazi hii haiwezi kuharakishwa, na wakati wote huo hana pa kwenda. Katika nyumba nyingi siku hizi hupewa simu atazame katuni ili atulie. Nawasihi wazazi wenzangu, hizo dakika msizigawe kwa mtu mwingine. Hakuna saa nyingine katika siku nzima ambapo mtoto ametulia chini ya mikono yako, na kile unachokishika ndicho kile kile kinachohitaji kuelezwa.

Umweleze nini? Wazazi wengi husema, ni amri ya Guru, basi. Mtoto hulibeba jibu hilo mpaka uwanjani, mwenzake humuuliza Guru ni nani, na mazungumzo huishia hapo. Mwingine huambiwa akikata nywele Mungu atakasirika. Huyo mtoto atakuwa na hofu tu, na siku atakapomwona binamu yake aliyenyolewa akiishi raha mustarehe, hofu itamtoka na dini itatoka nayo.

Mimi humwambia wa miaka minne hivi: nywele zako umepewa na Mungu, nasi tunazitunza kama tulivyozipokea. Na kilemba unafungwa ili uonekane. Mtu akipotea, akiwa na njaa, akiwa anapigwa, aangalie huku na huku, akuone wewe, ajue kuna wa kumkimbilia. Mtoto wa miaka minne hulielewa jambo hilo mara moja, na hulipenda, kwa kuwa limempa kazi. Wapo watoto niliowasikia wakijibu uwanjani kwa maneno yao wenyewe: hiki ni cha kunijulisha, ukipotea nitafute mimi.

Akifika miaka saba au minane ndipo apewe historia iliyo nyuma ya jibu lile. Mwaka 1675, Wabrahmini wa Kashmir waliokuwa wakishurutishwa kubadili dini walimwendea Guru Tegh Bahadur, wa tisa kati ya Maguru wetu, walimu walioongoza dini hii, wakamwomba awasaidie. Guru Nanak, wa kwanza, alikuwa amekataa tangu utotoni kuvalishwa uzi mtakatifu wa Kihindu. Huyu wa tisa alikwenda Delhi akakatwa kichwa akitetea haki ya watu wengine kuuvaa uzi huo huo. Mwanawe, Gobind, alikuwa na umri wa karibu miaka tisa. Inasimuliwa kwamba siku ile Wasikh waliokuwamo mjini walijificha katikati ya watu, na hakuna aliyeweza kuwatambua. Miaka 24 baadaye, sikukuu ya Vaisakhi ya mwaka 1699, mtoto yule akiwa sasa Guru Gobind Singh alisimama mbele ya umati kule Anandpur, upanga mkononi, akauliza nani yuko tayari kutoa kichwa chake. Wakajitokeza watano, mmoja mmoja, kutoka pande za mbali za India na kutoka tabaka mbalimbali, mmoja wao akiwa wa ukoo wa vinyozi. Hao ndio mwanzo wa Khalsa, jumuiya ya Wasikh waliojitoa wakfu, na tangu siku hiyo Msikh aliyeingia Khalsa, kwa nywele na kilemba chake, hawezi tena kujificha katikati ya watu. Mtoto akiisikia habari hii akiwa anachanwa nywele, hahitaji kuambiwa inahusiana naye vipi.

Nimesema miaka saba au minane kwa makusudi, maana mpangilio wa umri una uzito kuliko tunavyodhani. Kila Desemba tunawakumbuka wana wadogo wa Guru Gobind Singh, Zorawar Singh na Fateh Singh, mmoja wa miaka tisa hivi na mwingine wa sita au saba, waliojengewa ukuta wakiwa hai kule Sirhind kwa amri ya gavana Wazir Khan kwa kukataa kuiacha dini yao. Tangu mwaka 2022 serikali ya India huiadhimisha kitaifa tarehe 26 Desemba kwa ajili yao, na filamu ya katuni ya Chaar Sahibzaade ya mwaka 2014 imewafikisha sebuleni kwetu. Naona watoto wa miaka minne wakiketishwa mbele ya filamu hiyo. Wazee huniambia kwamba wao walisimuliwa wakiwa wadogo zaidi na hawakudhurika. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mtoto asiyejua bado kwamba ukuta wa chumba chake hauwezi kumsogelea usiku hapati ushujaa katika habari ile, anapata jinamizi. Akue kidogo. Kisa hakiendi popote.

Na atakapokisikia, asikisikie nusu. Miongoni mwa waliokuwapo katika baraza la Wazir Khan alikuwa Nawab wa Malerkotla, Sher Mohammad Khan, Mwislamu, aliyekuwa amepigana na Guru vitani. Alisimama akapinga kuuawa kwa watoto wale. Hawakumsikiliza, lakini Wasikh hawakumsahau: mwaka 1947, Punjab ilipogawanywa na damu ikamwagika pande zote mbili za mpaka, Waislamu wa Malerkotla hawakuguswa. Mtoto wa Kisikh anayeishi Mombasa, Kisumu au Pangani anacheza mpira na akina Hassan na akina Salim. Tukimpa habari za Sirhind tukaziacha za Malerkotla, tumemfundisha chuki huku tukidhani tumemfundisha dini.

Kwa walio chini ya miaka saba hazina yetu ni kubwa, na kipenzi cha watoto, nimegundua, ni Mardana. Guru Nanak alizaliwa mwaka 1469 Talwandi, mji ambao leo unaitwa Nankana Sahib, Pakistan, na katika safari zake ndefu za miguu alifuatana na rafiki yake Mwislamu, Bhai Mardana, mpiga rababu. Nanak anaimba, Mardana anapiga. Tena Mardana, katika visa vya zamani, kila mara ana njaa au ana kiu, na hasiti kulalamika. Watoto humpenda kwa hilo. Wanamwona Guru akimvumilia rafiki aliyechoka, akimtafutia maji, akiongea naye njiani. Kutokea hapo ni rahisi kuwaeleza kwamba Kitabu tunachokiinamia, alichokikusanya Guru Arjan mwaka 1604, kina ndani yake tungo za Sheikh Farid, mzee wa Kiislamu, za Kabir mfumaji, na za Ravidas fundi wa ngozi, zikiwa zimekaa pamoja na tungo za Maguru wenyewe. Kurasa 1,430, na hakuna ukurasa unaomfukuza mtu.

Wapo wengine. Bhai Kanhaiya, aliyebeba kiriba cha maji katika vita vya Anandpur akawanywesha majeruhi wa pande zote mbili, akashtakiwa kwa Guru Gobind Singh kwamba anawahudumia maadui, na Guru, badala ya kumwadhibu, akampa dawa ya vidonda aongeze. Guru Har Krishan, aliyekabidhiwa uongozi akiwa na miaka mitano tu, akafariki Delhi mwaka 1664 kabla ya kutimiza minane, baada ya kuwahudumia wagonjwa wa ndui. Mtoto wa miaka mitano akisikia kwamba Guru alikuwa rika lake, hukaa wima.

Sasa niseme jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya ndugu zangu.

Tunajivunia langar, mlo wa bure wa gurdwara, na tuna haki ya kujivunia. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanaijua gurdwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 na Wasikh waliokuwa wakifanya kazi kwenye reli. Dereva wa lori, mtalii, familia inayokwenda pwani, mwenye dini na asiye na dini, wote huketi pamoja wakala chapati, dengu na chai, bila kulipa. Watoto wetu huwapitishia watu chapati kwa mikono miwili, nyuso zao zimejaa furaha. Kisha tunarudi nyumbani Jumapili jioni, chakula kinaandaliwa, familia inakaa mezani, na yaya aliyewaogesha watoto hao hao anakula jikoni peke yake, amesimama, pengine kwa sahani yake na kikombe chake vilivyotengwa.

Mtoto anaona. Hatuhitaji kumwambia kitu. Langar ilianzishwa ili tajiri na fukara, Mbrahmini na mfagiaji, waketi mstari mmoja chini na kula chakula kimoja, kwa kuwa katika India ya siku zile kutengana kwenye chakula ndiko kulikokuwa mzizi wa kudharauliana. Mtoto anayeona sahani iliyotengwa nyumbani kwake amekwisha kufundishwa kwamba usawa ni wa Jumapili, tena ni wa wageni. Hakuna sakhi, kisa cha Maguru, itakayolifuta funzo hilo. Kama kuna familia inayoniuliza ianzie wapi kumfundisha mtoto Usikh, siipi jina la kitabu wala la programu ya simu. Nasema: ongezeni kiti mezani. Mtoto ndiye ampakulie yaya, na amwite Auntie, kama anavyowaita marafiki wa mama yake.

Na hapo ndipo mtoto asimuliwe habari za Bhai Lalo. Guru Nanak alipofika Eminabad alikataa karamu ya Malik Bhago, mkubwa wa mji, akala mkate mkavu nyumbani kwa Lalo, fundi seremala. Alipoulizwa sababu, alishika mkate wa kila mmoja akaukamua: wa Lalo ukatoa maziwa, wa Bhago ukatoa damu ya wale waliodhulumiwa ili karamu ipatikane. Sisi wa Kenya kisa hiki kinatuhusu zaidi ya wengine wote. Wengi wa babu zetu walikuja wakati wa ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, na katika miaka iliyofuata, wakiwa maseremala, wahunzi na waashi. Tulikuwa nyumba ya Lalo. Baadhi yetu sasa tuna viwanda, karakana kubwa na majumba ya kupangisha, na mtoto akiuliza, Mama, mkate wetu ukikamuliwa utatoa nini, lazima mzazi awe na jibu kuhusu mishahara anayolipa.

Kwa wakubwa kidogo, wa miaka tisa na kuendelea, visa viingie Kenya. Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, nchi nzima ikimwita Simba, alikuwa na kilemba kichwani. Makhan Singh alifika hapa mwaka 1927 akiwa kijana, akaviunganisha vyama vya wafanyakazi, akasimama Kaloleni Aprili 1950 akadai uhuru wa Kenya hadharani, na wakoloni wakamzuilia mpaka mwaka 1961. Siasa yake ilikuwa ya wafanyakazi na hakuwa mtu wa mahubiri, lakini alikulia nyumba ya Kisikh na alisimama upande wa Lalo. Mtoto anayeitwa Kalasinga barabarani kwa dhihaka afahamu kwamba wanaoitwa hivyo wamo katika historia ya nchi hii, wala hawakuja jana.

Wasichana nao wasisahaulike. Kijana wa kiume akifungwa kilemba chake cha kwanza hufanyiwa sherehe ya dastar bandi, jamaa wanakuja, picha zinapigwa. Dada yake, anayeitwa Kaur, jina la wanawake wa Kisikh, tangu kuzaliwa, mara nyingi huwa jikoni siku hiyo. Naye ana Mai Bhago, aliyewarudisha vitani wanaume 40 waliokuwa wamemkimbia Guru Gobind Singh. Asimuliwe, tena mbele ya kaka yake.

Sasa nirudi kwenye mabishano ya lugha. Wazee wangu wanasema: ukimfundisha mtoto dini kwa Kiswahili, Kipunjabi kitakufa, na kikifa, Kitabu kitakuwa picha tu. Hofu hiyo ni ya haki nami ninayo. Ndiyo maana sisemi tuache Gurmukhi, maandishi ya Kipunjabi. Herufi zake 35 mtoto aanze kuzijifunza akiwa na miaka mitano au sita, kidogo kidogo, na sala zibaki katika maneno ya Maguru. Kirtan Sohila, sala ya kulalia, isomwe kando ya kitanda chake kila usiku hata kama haelewi neno, maana sauti huingia kabla ya maana na hudumu kuliko maana. Mimi mwenyewe nilizijua sala nyingi kwa masikio miaka kadhaa kabla ya kuzisoma kwa macho.

Lakini kusali ni jambo moja, na kueleza ni jambo jingine. Watoto wetu ni kizazi cha nne, wengine cha tano, katika nchi hii. Wanapigana kwa Kiswahili, wanapatana kwa Kiswahili, wanaota ndoto kwa Kiswahili na Kiingereza. Hata Kipunjabi cha nyumbani kwetu kina kisu, sufuria na fagio ndani yake. Maguru hawakuwasubiri watu wajifunze Kisanskriti ndipo wawaeleze; waliimba kwa lugha ya sokoni na shambani, na ndani ya Granth Sahib lugha kadhaa zimeketi pamoja. Anayesema Guru Nanak hawezi kusimuliwa kwa Kiswahili anamwekea mpaka ambao mwenyewe hakuwahi kuukubali.

Kuna wazazi wanaoniuliza: na baada ya yote haya, akifika miaka 15 akataka kukata nywele? Wapo watakaotaka, na wapo watakaokata. Amrit, yaani kuingia rasmi katika Khalsa, hatuwapi watoto wachanga. Hupewa mtu aliyefikia umri wa kufahamu anachokiomba. Kwa hiyo tunachofanya nyumbani miaka yote hiyo ni kumwandaa mtu atakayeamua mwenyewe, na uamuzi wa mtu anayejua anachokiacha unaheshimika kuliko utiifu wa mtu asiyejua anachokishika. Nitaumia wangu akikata. Bado meza itakuwa na kiti chake.

Nina ombi moja kwa kamati za gurdwara zetu, kuanzia Nairobi hadi Kericho na Kisumu. Rafu zetu zimejaa vitabu vya watoto vya Kipunjabi kutoka Amritsar na vya Kiingereza kutoka Uingereza na Kanada, vingine vizuri sana. Tukusanye sakhi 20 tuziandike kwa Kiswahili chepesi, cha mtoto wa darasa la pili, kwa herufi kubwa na michoro: Mardana na njaa yake, Lalo na mkate wake, Kanhaiya na kiriba chake, Guru mwenye miaka mitano. Kitabu chenyewe kiwe chembamba, kiweze kuingia kwenye mkoba wa shule, na nakala nyingine zipelekwe maktaba za shule wanakosoma watoto wetu ili Hassan naye azisome. Mafundi wa kuchapa tunao, na fedha za kujengea kuba za marumaru hatujawahi kuzikosa. Bibi zetu wanaozikumbuka sakhi hizi kwa ghibu bado wako nasi, lakini wamezeeka. Waketishwe na vijana wanaojua kuandika mwaka huu.